Trela Inayokuja na Baridi

Waithaka,
Alhamisi, 3 Julai 2025

Kwa Baba Quincy,

Nakusalimu. Natumai u mzima, na Quincy na mdogo wake ni wazima, ingawa habari za watoto ninazo kila asubuhi mama yao anapokuja kunisaidia kazini. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua na baridi hii ya Julai, na tangu saa tatu leo presha nayo imepanda. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unajua mwenyewe sijakuandikia wala kukupigia simu tangu tumzike Baba Mercyline, miaka miwili sasa, na unajua ni kwa nini. Hata leo sitapiga simu. Mama mkwe kugombana na mkwewe hewani, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyohema, ni aibu ambayo sikufundishwa. Karatasi haina macho wala masikio, kwa hiyo nitasema yote hapa.

Leo asubuhi nilikuwa napangusa viti vya harusi ya Jumamosi. Nainua kichwa, naona mwanamume mwenye koti la askari wa geti anapiga picha trela yangu. Trela yangu ya kubebea hema! Amepiga mbele, amepiga nyuma, amechuchumaa akapiga magurudumu. Nikamuuliza, "Baba, umepoteza nini hapa?" Akasema, "Mathe, naitwa Ephantus, nimetumwa na mdosi wa Kitisuru. Hii ndio ile trela Okinyi huvuta asubuhi?"

Baba Quincy, nilikosa mahali pa kushika. Trela hii huvutwa na lori la Obuya na mtaa mzima unajua. Wewe hujavuka geti langu tangu nilipokwambia usilivuke. Sasa umemwambia nini huyo tajiri wako? Nimekodisha viti na hema miaka kumi na tisa, na sijawahi kupigiwa picha kama mwizi.

Nijibu kwa maandishi. Mpe Mercyline barua, na umwambie asiifungue.

Ni mimi,
Mama Mercyline


Mutuini,
Jumamosi, 5 Julai 2025

Mama mkwe mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Pole kwa magoti, pole kwa presha, na pole zaidi kwa sababu presha hiyo nimekuletea mimi. Sisi huku ni wazima. Quincy amepoteza jino la pili la mbele na anajiona mzee wa kanisa.

Barua yako nilipoipokea nilisimama ndipo nikaisoma. Mama, mimi sina trela. Naomba unipe nafasi nieleze.

Tajiri wangu, Bwana Nzomo, alinunua pikapu mwezi wa tatu. Ilitoka ng'ambo, ni kubwa kuliko jikoni yetu, na imejaa vidude vya kuhisi vinavyoitwa sensa. Chochote ikihisi, iwe tairi, mlango au taa, inakiandika kwenye kioo cha dashibodi na palepale inamtumia Bwana Nzomo ujumbe kwenye simu, hata kama amelala. Machi mpaka Mei tuliishi vizuri. Juni baridi ilipoingia, gari likapata wazimu. Saa kumi na mbili asubuhi naliwasha niwapeleke watoto wake shule, kioo kinaandika: TRELA IMEUNGANISHWA. Nashuka, naangalia nyuma. Hakuna kitu. Narudi ndani, kinaandika: TAA YA KUSHOTO YA TRELA HAIWAKI. Mama, trela yenyewe haipo na tayari ina taa mbovu! Nikirudi nyuma linapiga kelele kwamba kuna kitu, na nyuma kuna umande tu. Jua likichomoza vizuri, nikiwa Westlands, kinaandika: TRELA IMEKATIKA. Basi kutwa nzima kimya.

Sasa Bwana Nzomo huamka saa tatu. Akifungua simu anakuta orodha: trela imefungwa saa kumi na mbili na dakika tano, trela imefunguliwa saa moja na robo. Kila siku ya Mungu. Nikimweleza, ananijibu, "Okinyi, hii gari imetengenezwa na watu wamesoma. Itaanzaje kuona trela haiko? Wewe ndio unaifungia mzigo ya watu ukidhani nimelala."

Kosa langu ni moja, na nitalisema. Siku moja getini nilimringia Ephantus kwamba mama mkwe wangu ana hema kubwa kuliko zote Dagoretti, na trela ya kuzibebea. Nilikuwa najivunia wewe. Bwana Nzomo alipoanza kuuliza trela inatoka wapi, Ephantus akamtajia kwako, na ndio akatumwa na simu yake.

Nimepewa mpaka tarehe 31. Asubuhi hiyo nimwonyeshe trela na nikiri, au niache funguo mezani. Na nikiondoka Kitisuru nikiitwa mwizi wa gari, hakuna tajiri wa upande ule atakayenipa hata toroli. Naomba uniandikie mistari miwili tu, wewe mwenye trela, kwamba siivuti. Neno lako lina uzito.

Mkweo,
Okinyi


Waithaka,
Jumatatu, 7 Julai 2025

Kwa Baba Quincy,

Salamu. Presha imeshuka kidogo, magoti yako palepale. Mpe Quincy pole ya jino.

Mkeo ameisoma barua yako njiani. Najua kwa sababu aliingia huku anacheka peke yake, na nilipofika kwenye ile taa ya kushoto nikajua alikuwa akicheka nini. Nami nilicheka, lakini kidogo.

Habari zimeenea. Veronicah wa chama chetu amekuja kuuliza kama utambebea matangi ya maji Jumamosi. Nikamwambia, "Veronicah, hiyo trela haipo." Akanijibu, "Hata kama haipo, mafuta tutachanga." Shemasi naye ameuliza kama inaingia vinanda viwili. Kwa hiyo ujue una trela, utake usitake.

Sasa tuje kwenye hayo maneno yako ya mistari miwili. Unataka niweke jina langu chini ya neno lako. Baba Quincy, mara ya mwisho gari lilipozungumza kwa niaba yako ilikuwa siku ya kumzika mume wangu kwao Ugenya. Mkwe wa kwanza alifika na watu wake, wa pili akafika na watu wake, na chini ya hema viti vyako kumi na viwili vilikaa vitupu mbele ya Ugenya nzima. Mercyline aliingia peke yake amewashika watoto mikono. Mpaka leo shemeji zangu wakimtaja wanamwita yule wa viti vitupu. Na wewe ukatuma ujumbe kwamba gari limewasha taa nyekundu Gilgil na limegoma.

Nilikwambia usivuke geti langu mpaka siku utakayoniambia ukweli wa Gilgil. Bado nangoja. Kama siamini gari la siku ile, nitaapaje kwa gari la leo?

Mama Mercyline


Mutuini,
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mama mkwe mheshimiwa,

Salamu nyingi, na natumai harusi ya Jumamosi ile ilipita salama bila mvua. Sisi ni wazima. Samahani nimechelewa kujibu. Wiki iliyopita imenionyesha mambo.

Jumatano nilipeleka pikapu mjini, Kirinyaga Road, kwa fundi mmoja wa umeme wa magari anayeitwa Abdulrauf. Ni mtu wa Lamu, mpole, hagusi gari kabla ya kulisalimu. Alizunguka, akalala chini, akaingiza mikono, akatoka. Ilikuwa saa tano, jua kali. "Ndugu yangu," akasema, "gari hili ni zima. Ugonjwa umeuacha nyumbani Kitisuru."

Akanieleza vizuri. Chini ya bampa ya nyuma kuna soketi, tundu la kuchomekea waya wa taa za trela. Kifuniko chake hakibani. Bonde la Kitisuru likishusha umande na baridi, maji yanaingia mle, umeme unapita mahali usipotakiwa, na gari linadhani limefungwa trela. Jua likipanda panakauka, na trela imekatika. Alichukua chupa ya maji ya baridi kutoka kwa muuza soda, akamimina kidogo kwenye tundu lile. Mama, kioo kiliandika palepale! Nilimkumbatia yule mtu mbele ya mafundi wote.

Kumbe furaha ile ndiyo iliyoniponza. Niliona kwa nini tuzibe soketi kimyakimya, ilhali naweza kumwonyesha Bwana Nzomo ushahidi kwa macho? Nikamwomba Abdulrauf aiache hivyohivyo. Alhamisi saa saba mchana nikajaza jagi maji ya friji, nikamwita Bwana Nzomo uani, nikasema, "Mkubwa, shika simu yako, tazama." Nikamwaga. Simu ikalia trela imeunganishwa. Kisha taa zikaanza kuwaka na kuzima, honi ikalia yenyewe, na kila kitu kikazimika. Nilikuwa nimemwaga jagi zima.

Bwana Nzomo aliinua simu, akapiga picha. Akasema, "Kumbe ni wewe huiharibu. Unaingia na jagi asubuhi." Sasa simu yake ina picha yangu nikiwa nimeinama nyuma ya gari na jagi mkononi. Gari lilikauka jioni na likapona, lakini mimi sijapona. Amenikataza kugusa nyuma ya gari na amekataa fundi yeyote aliguse.

Zimebaki siku kumi na saba. Barua yako, Mama, ingenisaidia sana.

Mkweo,
Okinyi


Waithaka,
Jumanne, 15 Julai 2025

Baba Quincy,

Salamu. Sikukuuliza habari za maji. Nilikuuliza habari za Gilgil.

Mama Mercyline


Mutuini,
Jumanne, 22 Julai 2025

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeanza barua hii mara tano. Quincy ameuliza kama napewa kazi ya nyumbani na mwalimu.

Sikufika Gilgil. Sikufika hata Kikuyu. Siku ile sikutoka Mutuini.

Nilivaa koti jeusi saa kumi na moja asubuhi. Begi lilikuwa mlangoni. Watu wangu nilikuwa nimewaambia tukutane barabarani. Nikakaa kitandani nifunge kamba za viatu, na hapo nikashindwa kuinuka. Nililia, Mama. Sisemi machozi yalinitoka, nasema nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Wewe unajua mumeo, Mzee Ogutu, alikuwa nani kwangu. Nilipomchukua Mercyline nilikuwa nabeba mchanga, sikuwa na kazi ya maana. Hakuniuliza nina nini. Alinipandisha kwenye lori lake Jumapili moja akanifundisha kuendesha. Siku ya kwanza nilibomoa choo cha watu pale Mutuini. Akashuka, akakitazama, akawaambia wenyewe, "Hiki choo kilikuwa kimesimama vibaya." Kisha akakijenga kwa mikono yake, mimi nikimpa matofali. Kila usukani nilioshika tangu hapo ni yeye aliyenipa.

Na unajua mkwe anavyoingia matangani. Anaingia na watu wake, kila jicho liko juu yake, na wewe upo pale mbele. Nilijua nikimwona amelala nitaanguka. Mkwe mzima kuanguka akilia machoni pa mama mkwe wake! Nikasema afadhali waniseme sikuja. Nilidhani nachagua aibu iliyo ndogo.

Uongo ulikuja baadaye, saa nne, Mercyline aliponipigia kuuliza niko wapi. Nilitoka mpaka kwenye gari la zamani la Bwana Nzomo, alilokuwa ameniazima kwa safari, nikapiga picha taa nyekundu ya dashibodi, nikawatumia. Watu wangu nikawaambia safari imekufa. Mercyline nimemwambia ukweli usiku wa jana tu. Amelia, kisha ameninunia, na ana haki.

Sikuandikii haya ili unipe ile barua. Kama ni kazi, iende. Nimeandika kwa sababu umeniuliza mara tatu na ulistahili kujibiwa mara ya kwanza. Nisamehe, Mama. Nilimpenda sana yule mzee.

Mkweo,
Okinyi


Mutuini,
Jumatatu, 28 Julai 2025

Mama mkwe mheshimiwa,

Salamu. Natumai magoti yana nafuu. Huku ni baridi ya kukata masikio, na trela yangu haijakosa hata asubuhi moja.

Siku sita zimepita bila neno lako. Mercyline anasema barua ulipewa, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani na kutoka jioni. Amekataa kuniambia zaidi ya hapo. Mke wangu ndiye posta, na posta imeninunia, sijui la kufanya.

Sikusumbui. Nataka tu ujue Alhamisi saa tatu nitaacha funguo. Nimemwomba Bwana Nzomo aamke asubuhi moja, moja tu, aje aone mwenyewe kabla jua halijatoka. Amesema yeye hakununua gari la kuongea na simu ili aamke na kuku.

Mkweo,
Okinyi


Mutuini,
Alhamisi, 31 Julai 2025, jioni

Mama yangu mheshimiwa,

Nakusalimu, na sijui hata nikusalimu vipi baada ya leo asubuhi. Umefika nyumbani, hilo najua, nililisikia geti likifungwa. Naomba tu usiwe umepata kichomi.

Nilifika Kitisuru saa kumi na mbili kasoro nikakuta Ephantus ananingoja nje ya geti. Akaninong'oneza, "Mse, mama mkwe wako ako hapa. Amekuja na boda boda, amejifunga blanketi, na amesema nimwambie mdosi mwenye trela amefika." Niligeuka kuangalia ukuta kabla sijamaliza kusikia. Nikakimbilia nyuma ya banda la mbwa. Kwa hiyo sikuona kitu, Mama, nilisikia tu. Nilisikia mlango mkubwa ukifunguliwa kwa kishindo na Bwana Nzomo akiuliza, "Trela? Iko wapi? Nani ako na trela?" Ephantus anasema alitoka na pajama na kiatu kimoja. Tangu nimfahamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia kabla ya saa tatu.

Mliyosemezana uani sikuyasikia, sauti yako ilikuwa chini. Nilisikia gari likiwashwa. Kisha Bwana Nzomo akacheka, akakohoa, akaita, "Okinyi! Toka huko kwa mbwa. Rudisha mama nyumbani, halafu upitie kwa huyo fundi wako aizibe hii kitu." Ni hayo tu. Funguo bado ninazo mfukoni. Ulimwambia nini?

Nilikufungulia mlango wa nyuma wa gari huku nimegeukia ua, nikasubiri. Nikasikia ukipita. Nikasikia Ephantus akisema, "Mathe, si uingie ndani kuna joto?" nawe ukasema, "Mimi nikae chumba kimoja na mkwe wangu, nikipumua kisogoni kwake?" Kisha kiti cha plastiki kikaburutwa, na gari likacheza kidogo. Ulikuwa umepanda nyuma kwenye mzigo.

Sasa huku mbele mambo yalikuwa hivi. Kioo kimeandika trela imeunganishwa, taa ya kushoto haiwaki, kuna kitu nyuma, angalia nyuma. Na wewe umekaa pale nyuma kwenye kiti na blanketi, mtu mzima kabisa, na kuhusu wewe halikusema neno. Gari linaloona trela isiyokuwepo halikumwona mama mkwe wangu.

Pale Kangemi, uliposikia tumesimama, ni afisa wa trafiki. Alikuja dirishani akauliza, "Dere, kwa nini umeweka mama nyuma kwa baridi na huku viti ziko empty?" Nikamjibu, "Afande, ni mama mkwe wangu." Akakuangalia. Akaniangalia. Akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Enda polepole. Shimo ukiona, simama kabisa." Nadhani naye ana wake.

Kwenye geti lako nilisimama kwa nje. Niliangalia michongoma mpaka nikasikia umeingia. Sikusubiri uniambie nisivuke, niligeuza gari. Asante, Mama. Sijui kwa nini umefanya hivi, lakini asante.

Mkweo,
Okinyi


Waithaka,
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Baba Quincy, mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Kichomi sina, ila pua inatiririka na magoti yamekataa kukunjika. Mercyline amenikanda na mafuta. Ameniambia usiku wa jana mmeongea mpaka mkapatana, nami nimefurahi.

Umeuliza nilimwambia nini. Alitoka anahema kama mtu aliyeibiwa. Nikamwambia, "Mwenye trela ni mimi. Trela iko Waithaka imefungwa mnyororo, na ufunguo wa mnyororo ni huu hapa shingoni. Sasa washa gari lako." Akawasha. Likaandika trela imeunganishwa. Alishuka akazunguka nyuma mara mbili na tochi, akapitisha mguu pale ambapo trela ingekuwa, mguu ukapita hewani. Unajua alisema nini? "Labda ameitoa sasa hivi."

Hapo nikaona ushahidi wa macho haumtoshi. Nikamwambia, "Bwana Nzomo, huyu kijana ni mwongo mbaya. Simaanishi anadanganya sana, namaanisha hajui kazi hiyo. Alinidanganya mara moja tu, kwamba gari limeharibika Gilgil, akanitumia picha ya taa nyekundu. Obuya, mwenye lori linalovuta trela yangu, aliitazama akaniambia ile ni taa ya breki ya mkono. Na kwenye kioo cha mbele cha hilo gari lililoko Gilgil linaonekana duka la Mutuini, jina na namba ya simu. Mtu kama huyo atakuficha trela nzima miezi miwili?"

Ndiyo, Baba Quincy. Nilijua tangu siku ya tatu ya matanga. Sikuwa natafuta habari, nilikuwa nangoja uniambie wewe.

Alianza kulainika, lakini akauliza, "Na kama huja kuichukua kwako wewe ukilala?" Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu nimemfungia geti miaka miwili. Hajakanyaga uani kwangu, hajanywa kwangu hata kikombe cha maji, na mtaa mzima ni shahidi. Akashusha tochi. "Miaka miwili?" Nikasema miwili. Akasema, "Mama, mimi mother-in-law wangu ako Machakos, na hajanikataza kitu. Lakini akiingia kwa gate yangu, mimi hutokea mlango ya jikoni. Kama wewe umemkataza, huyo hawezi kuja kuvuta trela yako. Hata kwa dawa." Ndipo akacheka, na ndipo akakuita. Umande, soketi na mafundi hakuviamini. Aliamini kwamba mkwe anamwogopa mama mkwe wake.

Nilipanda nyuma nikiwa na furaha ya ushindi. Furaha hiyo ilinitosha mpaka Kangemi. Pale uliposimamishwa nilisikia ukisema, "Ni mama mkwe wangu," kwa sauti ya adabu, na nikaanza kufikiri juu ya nilichokuwa nimekisema kule. Nimekuokoa kwa kuapa kwamba nimekufungia mlango. Nililisema kwa majivuno, mbele ya mtu nisiyemjua. Baba Quincy, kama ningekuwa mama mkwe mwema, leo usingekuwa na kazi. Nimelala na jambo hilo usiku kucha na halikunipa raha.

Barua yako ya tarehe 22 sikuijibu kwa sababu ilinilaza. Uliandika kwamba hukutaka nikuone unalia. Sasa sikia na mimi. Siku ile watu walisema Selpher ni mwanamke jasiri, anamzika mumewe na huku anapanga viti mwenyewe. Nilipanga viti mia tatu, nikavipanga tena, ili nisikae hata kwenye kimoja. Nikiketi tu ningelia, na nilijua wakwe zangu watatu wako njiani. Nikawa nangoja mfike wote, niwaone mmeketi, kisha niende nyuma ya nyumba nimlilie mume wangu kwa faragha. Wewe hukufika. Viti vyako vikabaki vitupu, nami nikaendelea kuvipanga mpaka jioni. Sijamlilia yule mzee mpaka niliposoma habari ya choo chako.

Basi Jumapili mje, nyote wanne, baada ya ibada. Geti nitaliacha wazi, uingie na miguu yako kama mkwe. Utakaa sebuleni, nami nitakuwa jikoni na mlango umerudishwa, kwa sababu heshima ni heshima na sitaki tuangaliane. Mercyline atakuletea chakula. Utamweleza Quincy habari za babu yake kwa sauti nitakayoisikia, zote unazozikumbuka, usiruke hata moja. Ukitaka kulia, lia. Mimi nitakuwa nalia upande wangu wa ukuta, na hakuna atakayemwona mwenzake.

Nimenunua samaki. Mje na pilipili, kwangu imekwisha.

Mama yako,
Selpher